Hukumu Hulala Mpaka Ieleweke

Mti wa kwanza ulishika mkono wake wa kulia, wa pili ukashika wa kushoto, na ule wa tatu waliupitisha nyuma ya mgongo wakaukaza kwa kamba ya katani mpaka mbavu zikalia. Kisha Mwalimu akavuta kiti, akaketi, akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa nyumbani:

"Haya, Sikudhani. Travel. Neno hili limetoka wapi?"

Sikudhani alitema damu kwanza. "Kwenye miti mitatu, Mwalimu. Tripalium. Zamani za Warumi ilikuwa miti mitatu ya kumfungia mtu na kumtesa. Mateso yakazaa kazi ngumu, kazi ngumu ikazaa safari."

"Safari inahusiana nini na mateso?"

"Watu wa zamani wakisafiri walikuwa wanateseka, Mwalimu."

"Umekariri," Mwalimu akasema kwa masikitiko. "Halijaingia." Akawapungia mkono wanafunzi wengine, nao wakakaza kamba.

Msinitolee macho mimi. Sikulijenga mimi lile jumba. Wengine wenu mlisomea Kiingereza kwenye madawati, mkaandika neno mara kumi kwenye daftari, mkachapwa viboko viwili vya makalio mkaona mmeteseka. Aa wapi! Katika Jumba la Asili hakukuwa na ubao wala daftari. Kila neno lilirudishwa kule lilikozaliwa, na mwanafunzi akarudishwa pamoja nalo, akapitishwa palepale neno lilipopitia kabla halijavaa suti na kuingia vitabuni. Siku ya kwanza walivalishwa kanzu nyeupe zilizosuguliwa chaki, kwa sababu candidate, huyo mtahiniwa mnayemjua nyinyi, kwa Warumi alikuwa mtu aliyevaa nyeupe akiomba cheo. Hiyo ndiyo siku pekee iliyopita bila damu. Siku ya muscle kila mmoja alifungiwa kipanya hai ndani ya mkono wa kanzu, akaambiwa akunje na kukunjua, akunje na kukunjua, mpaka aelewe kwa nini Warumi walipouona mkono wa mwanamume ukituna walisema kuna kipanya kinakimbia chini ya ngozi. Sikudhani alielewa upesi. Kipanya hakikuelewa, kikatafuna njia ya kutokea. Siku ya remorse wenzake walimuuma begani, wakangoja kidonda kifunge, wakamuuma tena mahali palepale, kwa maana remorse, hayo majuto ya wasomi, asili yake ni kuumwa mara ya pili.

Mji wenyewe sina jina la kuwapa. Ulikuwa nalo, likafutwa, ukapewa jingine, nalo likafutwa. Jua lake lilikuwa limesimama saa nne ya asubuhi na halikusogea. Mtu alilala pale usingizi ulipomwangusha, akaamka bado ni saa nne, na masomo yanaendelea. Kwa hiyo ukimwuliza Sikudhani amekaa jumbani muda gani, hajui. Alipoingia alikuwa na meno yote, sasa alikuwa akihesabu mapengo matano kwa ncha ya ulimi. Pengine ni miaka, pengine ni asubuhi moja tu iliyokataa kwisha. Mwalimu naye hakumsaidia mtu kuhesabu, maana mara aliingia darasani kijana mwenye ndevu za kwanza, mara akaingia mzee anayekokota mguu, na sauti ni ileile, na koleo mkononi ni lilelile.

Kilichompeleka pale ni mdogo wake, Mavunde. Fundi baiskeli, mtu wa kucheka hovyo, mikono imejaa grisi mpaka sikukuu. Waliitwa mahakamani watu kadhaa wa mtaa watoe ushahidi kuhusu ukuta ulioanguka, naye akiwamo. Hakimu alisema kwa muda mrefu sana, Kiingereza kile cha juu, maneno marefu yenye mikia. Watu walitazama viatu vyao. Mavunde akanyoosha mkono. "Samahani, Mheshimiwa," akasema, "hapo mnasemaje? Semeni basi na sisi tuelewe." Hilo ndilo kosa lake, na hakuna jingine. Hakimu hakufoka. Aliandika neno moja kwenye karatasi, akaikunja, na askari wakamchukua Mavunde wakampeleka Mwambani.

Mwamba ulikuwa nje kidogo ya mji, umeinamia bonde ambalo ukilitazama huoni chini. Ukingoni walikaa wahukumiwa kwa safu, miguu imefungwa, kila mmoja na neno lake limebandikwa kifuani. Ndugu waliruhusiwa kuwaletea uji na kuwafukuzia nzi. Sikudhani alinakili neno la mdogo wake akazunguka nalo mtaa mzima. Fundi cherehani akasema hilo ni jina la dawa, yeye amewahi kuliona kwenye chupa. Muuza magazeti akasema ni mambo ya kilimo. Mchungaji akaomba aachiwe aliombee. Mwisho alimwendea askari wa zamu, akamwuliza kwa unyenyekevu afanye nini.

"Lielewe," askari alimjibu. "Ndugu wa mhukumiwa akilielewa neno, anaitwa mbele ya watu kuzungumza."

Moyo ulimruka kwa furaha. Kuzungumza! Atamtetea mdogo wake. Ataisimamisha mahakama nzima kwa lugha yake yenyewe, wajue kuwa huyu naye ana watu. Na Jumba la Asili lilikuwa wazi saa zote, halina ada, halina foleni, mlango mpana wa kupitisha lori. Hakujiuliza kwa nini kitu chenye faida kiwe bure katika mji usiotoa bure hata maji. Mimi nimejiuliza. Lakini mimi ninasimulia tu, na mwenye kusimulia ana raha zake.

Darasani walikuwa kumi na kitu. Wengine walikufa na neno mdomoni, wengine walifaulu wakachukuliwa, na waliofaulu hawakurudi mtaani hata kuchukua vyombo vyao. Aliyekuwapo kabla ya wote, na aliyeelekea kuwapo baada ya wote, ni Mzee Ndimbo. Mwili wake ulikuwa makovu juu ya makovu, pasipo mahali pa kuweka kidole, na kichwa chake, hivyo ndivyo Sikudhani alivyoona, kilikuwa boga tupu.

"Ndimbo," Mwalimu alimwita siku moja. "Sarcasm."

Mzee akakuna kidevu. "Sarcasm, Mwalimu. Sarcasm... huyo si jamaa wa saruji?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Sikudhani alikuwa tayari amenyoosha mkono, amesimama nusu, vidole vinapiga hewani. "Mimi, Mwalimu! Mimi hapa!"

"Sema, binti."

"Ni Kigiriki. Sarx ni nyama, sarkazein ni kuchana nyama, kama mbwa anavyochana. Ndiyo kejeli inayomchana mtu bila kisu."

"Vizuri sana. Njoo umfundishe mwenzako."

Akapewa koleo. Mzee Ndimbo akakunja mwenyewe mkono wa kanzu, akaunyoosha mkono wake mkavu, akageuza uso pembeni. Sikudhani alishika nyama ya juu ya kiwiko akavuta. Mzee alilia sauti ambayo hakuna kitabu kilichowahi kuiandika. Akavuta tena. Na nasema wazi, sifichi: mkono wake haukutetemeka. Alimdharau yule mzee kwa dhati. Alimwona mzembe, mtu wa kuchelewesha darasa, na ndani ya moyo wake alisema kama makovu hayo yote yangekuwa akili, angekwishakuwa jaji.

Basi ndivyo lilivyompata. Hakulipenda neno siku ya kwanza. Alilichukua kama mtu anavyochukua panga la kukatia njia, akikusudia kulitupa akifika. Lakini kadiri maneno yalivyoingia mwilini, mwili ukaanza kuyangoja. Bega liliwasha likitaka kujua. Aliamka chini ya jua lile lile la saa nne akaona mlango, dirisha, ndoo, na kila kitu kikamsumbua: nacho kimetoka wapi, kimepitia kwa nani, nani alipigwa mpaka kikaitwa hivi? Akagundua kwamba maneno ya wakubwa, hayo yanayoketi kwenye barua za serikali yamekunja nne, chini yake kuna mtu aliyefungwa, au mtu aliyeumwa, au mnyama aliyebanwa mahali. Ukifukua kidogo, mifupa. Na mtu akishajua mifupa iko wapi anajiona mwenye nyumba. Hilo ndilo swali lililomzunguka kichwani kutwa kucha: neno ni la nani? La aliyelitamka akiwa juu ya kiti, au la aliyelipiga yowe akiwa chini yake? Alijijibu kwamba ni la anayejua asili yake. Alijijibu upesi mno, na jibu likampendeza, akalitunza. Kuanzia hapo alikuwa akiwasahihisha wenzake hata usingizini. Kiherehere kilimkaa kama joho. Mwenzake akikosea, yeye aliumia kuliko aliyekosea, akawashwa ulimi mpaka aseme. Na picha ya Mavunde, ile ya mikono ya grisi, ikawa inamjia siku moja ikakosa siku tatu.

Kisha ikafika zamu ya neno lenyewe.

Mwalimu aliingia akiwa wa makamo siku hiyo. Akaliandika vumbini kwa fimbo: precipitate. Sikudhani akalitambua. Lilikuwa ni lile la kifuani kwa mdogo wake, herufi kwa herufi.

Walimtoa nje, kwenye kisima kikavu kilichokuwa uani. Wakamfunga vifundo vya miguu, wakapitisha kamba kwenye gurudumu la chuma, wakamnyanyua, kanzu ikamwangukia usoni, wakamwachia.

Kichwa. Kichwa ndicho kinakwenda. Miguu imebaki kwa watu, kichwa kinakwenda peke yake. Ukuta unapanda, hapana, ni mimi. Jamani, ni mimi ninayeshuka. Nani ameshika kamba? Mzee Ndimbo ameshika kamba? Yule niliyemchana? Mama yangu weee. Harufu ya udongo. Harufu ya udongo kabla ya udongo wenyewe.

Kamba ikakaza. Uso wake ulisimama shubiri moja kutoka kwenye mawe. Kitu kilikatika gotini. Wakamvuta juu.

"Limetoka wapi?" sauti ya Mwalimu iliuliza kutoka angani.

"Sijui."

Wakamwachia.

Nani mimi? Sikudhani. Binti wa nani? Kichwa. Kichwa hakina baba. Kinakwenda mbele. Mbele. Mbele ni wapi kama mbele ni chini? Mbele ni prae, nalijua hilo, nililipata zamani kwenye neno jingine, nililipia kwa jino. Prae. Na kichwa ni caput. Prae. Caput. Kichwa mbele! Kichwa mbele, kumbe! Kumbe ndivyo!

Kamba ikakaza. Safari hii paji la uso liligusa jiwe, damu ikamwingia machoni, na ndani ya damu ile Sikudhani alifurahi. Nasema alifurahi, na mkitaka mchukieni. Kabla hajamkumbuka Mavunde, kabla hajapiga hesabu ya Mwamba na bonde na wale watu waliofungwa miguu, furaha ilimpita mwili mzima kwa sababu ameelewa. Alicheka kwa sauti mle kisimani, miguu juu, na kicheko kikapanda mpaka kwa Mwalimu.

"Limeingia," Mwalimu akasema. "Mtoeni. Huyu amemaliza."

Walimlaza kivulini ajiandae, maana kesho yake, kama kungekuwa na kesho, angepelekwa Mwambani. Mzee Ndimbo ndiye aliyeletewa maji amwoshe. Alimpangusa uso kimya kimya kwa kipande cha kanzu yake mwenyewe. Sasa Sikudhani alikuwa ameshapiga hesabu.

"Wanataka kumtupa, mzee," akasema. "Neno ni kumtupa mtu kichwa mbele. Lakini nitazungumza. Nimelielewa, nitasimama niwaambie..."

"Utawaambia nini, mwanangu?"

"Nitamtetea."

Mzee Ndimbo alitazama nyuma, akatazama mbele, akainama. Na sauti iliyomtoka haikuwa ile ya mtu wa saruji. Ilikuwa sauti kavu, ya mtu mwenye akili zake timamu.

"Hakuna atakayekuuliza utetezi. Watakuuliza jambo moja tu: umelielewa? Hukumu ya mji huu hulala. Haiamki kwa hakimu, haiamki kwa askari. Huamka siku mtu wa nyumba ya mhukumiwa anaposema mbele ya watu, nimelielewa. Hapo ndipo inapokuwa haki, maana imeeleweka. Kabla ya hapo mtu wako anakaa ukingoni, anakula uji, anaota mvi. Pale pana mzee amekaa tangu ujana wake, kwa kuwa ukoo wao mzima hawapendi shule."

Sikudhani akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Wewe umejuaje?"

"Binti yangu yupo pale. Wa nne kutoka kushoto. Neno lake nililielewa siku ya pili tu nilipoingia humu." Akakamua kitambaa, maji mekundu yakadondoka. "Mimi si mjinga, mwanangu. Mimi nina mtoto hai."

Loo, laiti mngeuona uso wa Sikudhani. Alikumbuka koleo. Alikumbuka alivyovuta mara ya pili bila kuambiwa. Alijiburuta, akaishika miguu ya mzee akalia kwikwi kama mtoto aliyeachwa sokoni. "Nisamehe, baba. Nisamehe mimi. Nifanyeje sasa?"

"Inuka, hapana muda wa hayo. Kesho jifanye hamnazo. Karani wa mahakama atakujaribu, yule ni fundi, mwenyewe alipitia humu humu. Atakutajia maneno uliyosomea, na mwili wako unayajua. Usishtuke. Usikunje uso. Akikuuliza, sema upuuzi, watu wakucheke. Ukiweza, utarudishwa darasani kama nilivyorudishwa mimi, na watakuumiza sana. Lakini mdogo wako atakunywa uji."

"Nitaweza."

"Kuumia utaweza," Mzee Ndimbo akasema. "Kuchekwa ndiko sijui."

Wakampeleka jua likiwa palepale. Watu wa mji walikuwa wamekwishajaa Mwambani, wamekuja na mikeka na vitoto, wengine wanatafuna miwa. Karani alisimama katikati, kanzu yake nyeupe mpaka inaumiza macho, kitabu kikubwa kimefunguliwa mkononi. Na pale ukingoni, Mavunde. Amebaki mifupa na macho. Alipomwona dada yake akachekelea kama kawaida yake.

"Dada! Mbona umekonda hivyo? Huko shule hawawapikii?"

Sikudhani aliuma mdomo asilie. Alijikaza kisabuni, akasimama wima.

"Wewe ni ndugu wa huyu?" Karani akauliza.

"Ndiyo, Bwana Karani. Baba mmoja, mama mmoja."

"Umelielewa neno lake?"

"Hapana. Sijalielewa."

Minong'ono ikapita. Mavunde akainamisha uso kidogo, akasononeka kwa niaba yake. Karani akafunga kitabu, akaanza kumzunguka polepole.

"Travel," akasema nyuma ya sikio lake.

Mbavu zikamkaza mahali pale pale pa mti wa tatu. Akapumua taratibu. "Hiyo ni... ni kampuni ya mabasi, Bwana Karani?"

Watu wakacheka. Karani akazunguka tena. "Remorse."

Bega liliungua kama limemwagiwa uji wa moto. Hakulishika. "Labda ni aina ya redio. Jirani yetu alikuwa nayo."

Wakacheka zaidi. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Miaka yote ile shuleni, masikini, ametoka kama alivyoingia!" Na hilo, sikilizeni, hilo lilimwingia kuliko yale meno ya begani. Alihisi damu inampanda shingoni. Akatazama bonde, akamtazama Mavunde, akameza.

"Sarcasm," Karani akasema, uso kwa uso.

"Huyo ni jamaa wa saruji."

Umati ukavunjika mbavu. Watu walijipigapiga mapaja, mtoto akabebwa juu amwone vizuri mama asiyejua kitu. Sikudhani alisimama katikati ya vicheko hivyo akiwa mjinga kuliko wajinga wote, na machozi yakamlengalenga, na bado uso haukukunjika. Alikuwa ameweza. Hata askari walianza kulegeza mikuki. Mwisho wa umati Mzee Ndimbo, aliyeletwa pamoja na darasa kushuhudia, alikuwa amefumba macho, midomo inacheza.

Karani akapumua kwa nguvu, kama mtu aliyeshindwa na kukubali. Akawageukia watu.

"Basi, ndugu zangu, kwa kuwa mwanafunzi hajui, nitawafundisha mimi. Tusitawanyike mikono mitupu." Akalionyesha lile neno kifuani kwa Mavunde. "Precipitate. Neno zuri sana. Asili yake ni mvua. Ni Kigiriki hiki. Wagiriki walikuwa wakiomba mvua kwa kuimba prae, prae, maana yake ni tone, tone. Na caput ni ile sauti ya tone likigonga bati. Prae, caput. Prae, caput. Mmesikia inavyoimba?"

"Tumesikia!" watu wakaitikia.

"Msomi huyo," mzee mmoja akamwambia mwenzake. "Huyo ndiye amesoma."

Ilianza kwenye ulimi. Sikudhani aliubana kwa meno yaliyobaki. Bati! Wagiriki walipata wapi mabati? Akaubana zaidi mpaka akaonja chumvi ya damu. Mvua ndiyo iliyopewa jina mwishoni kabisa, juzi juzi tu, mtoto wa darasa la kwanza wa Jumba la Asili anajua hilo. Nyamaza. Nyamaza, mwanamke. Mavunde anakunywa uji. Nyamaza. Lakini neno lile alilipata yeye, kwa goti lake na paji lake la uso, kwa mara mbili za kushushwa kisimani, na sasa huyu mtu aliyevaa vizuri analigawa kwa watu likiwa limechafuliwa, nao wanalipokea, watakwenda nalo nyumbani, watawafundisha watoto.

"Na andikeni hivyo," Karani akamalizia, akijipepea kwa kitabu. "Tone juu ya bati. Hakuna mtu katika mji huu anayejua zaidi ya hapo."

"Si mvua!"

Hakujua kama ni yeye. Sauti ilimtoka kubwa, safi, ya darasani, na mkono wake ulikuwa umenyooka juu.

"Si mvua, na si Kigiriki. Ni Kilatini! Prae ni mbele. Caput ni kichwa. Praeceps, kichwa mbele. Kumtupa mtu kutoka juu kichwa kikitangulia. Mvua imeitwa hivyo baadaye sana, kwa sababu nayo huanguka. Wagiriki hawahusiki hata kidogo, na bati halikuwapo!"

Hata waliokuwa wakitafuna miwa wakaacha. Kule nyuma Mzee Ndimbo aliketi chini ghafla, palepale vumbini. Sikudhani alibaki na mkono juu, kifua kinapanda na kushuka, na kwa muda wa pumzi moja uso wake ulikuwa umetakata kwa raha. Kisha akauona mkono wake mwenyewe.

Karani hakufurahi. Alimtazama kwa macho mekundu, akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini ambayo ni yeye tu aliyeisikia: "Mimi waliniambia neno la mke wangu limetokana na ua la bustani, nami nikawasahihisha." Halafu akageuka, akafungua kitabu, akatangaza kwa sauti ya kazi: "Hukumu imeeleweka."

"Sijalielewa!" Sikudhani akapiga ukelele. "Nilibahatisha! Bwana Karani, ninabahatisha tu, mimi sijui kitu, mimi ni mjinga, waulizeni wote!" Akajitupa mbele, askari wakamdaka viwiko, akawauma, wakamkandamiza uso kwenye mwamba.

Mavunde alikuwa hajaelewa. Alikuwa amejinyoosha alivyoweza na miguu yake iliyofungwa, meno yote nje, anawageukia wenzake wa safu, wa kulia na wa kushoto.

"Mmemsikia? Mmemsikia lakini? Kamshinda Karani! Huyo ni dada yangu, tumbo moja, alikuwa ananiosha uso mimi!" Askari wawili wakapita nyuma yake, wakamshika vifundo vya miguu. Akawatazama kwa kero kidogo, kama mtu anayekatizwa redio kwenye taarifa ya habari.

"Ngojeni kwanza, bwana," akawaambia. "Mwacheni aseme. Bado hajamaliza."

Lakini Sikudhani alikuwa amekwishamaliza.